Muwasho wa Mguu wa Matonya

Mtu mzima akipiga ukelele kwa sababu ya kipande cha mti, wewe ungefanyaje? Watu wa Zuzu walioshuhudia siku ile walishika vichwa. Lakini tuanze mwanzo, maana Matonya hakuzaliwa na mguu wa mti.

Alikuwa mchungaji mrefu, mwenye maringo na mwendo wake, mpaka Wadachi walipoleta reli Dodoma akaenda kufanya kibarua huko. Siku moja rundo la mataruma ya chuma likaporomoka kutoka kwenye toroli na kumsaga mguu wa kulia. Daktari wa Kidachi akaukata chini ya goti. Matonya akarudi nyumbani amebebwa kwenye machela. Ng'ombe wake alikuwa amewaacha kwa kaka yake, Chiwanga, na huyo Chiwanga akamtazama toka juu mpaka chini, akasema mbele ya wazee: "Siku utakapowapeleka ng'ombe kisimani na kuwarudisha zizini kwako kwa miguu yako mwenyewe, ni wako. Vinginevyo wanabaki kwangu." Hebu sikia maneno ya ndugu wa tumbo moja!

Mguu alichongewa na Halfani, Mrangi wa Kondoa aliyezunguka akiuza vinu na vigoda. Alichagua mti mwepesi usimchoshe, ila akamwonya: "Mti huu mchwa wanaupenda. Upake mafuta kama unavyopakwa mwili."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika nyumba ile mafuta ya nyonyo yalikaa kwenye kibuyu cha mke, na mke ndiye aliyempaka mumewe. Sasa mkewe, Yudith, alikuwa amebatizwa karibuni na bado ana moto wa dini. Mwalimu wa misheni alikuwa amewakataza kupaka mafuta miti na mawe, akisema huko ni kuabudu sanamu. Basi Yudith alimpaka mumewe kifua, mgongo na mguu wa kushoto, akifika kwenye mti anafunga kibuyu.

"Mama Lydia, na huu je?"

"Huo ni mti, Baba Lydia. Mimi siabudu miti."

Matonya hakubishana. Mwanzoni hata yeye aliuita gogo, na akiingia ndani aliuacha mlangoni pamoja na majembe. Lakini kadiri alivyoutembelea ndivyo walivyozoeana. Akaanza kujua kwa mguu ule kama amekanyaga mchanga au kokoto, bila kutazama chini. Mbuzi akiukanyaga, aliruka na kumtukana. Habari ya mlangoni ikaisha, akawa analala nao kando yake, na neno gogo hakulitamka tena.

Kisha mguu ukaanza kuwasha. Yudith alimkuta ameketi uani, anakuna mti kwa kucha, amefumba macho, anahema kwa raha. Akaganda pale alipo.

"Unakuna nini?"

"Hapa kwenye muundi, kwa ndani. Kama kuna vitu vinatembea."

Mume wangu ama amerukwa na akili ama ameingiwa na pepo, aliwaza Yudith, akapiga magoti akaomba. Kuutazama mguu wenyewe, wapi!

Kiangazi kilipopamba moto, Matonya alitangaza kwamba yuko tayari. Wazee wakaja kukaa karibu na zizi lake, Chiwanga katikati yao na fimbo yake, Yudith kando na wanawake. Ng'ombe wakaenda hadi visima vya mchangani, wakanywa, na jua lilipoanza kuinama vumbi lao likaonekana likirudi. Matonya alikuwa nyuma yao akipiga mluzi. Ng'ombe wa mbele walikwisha kuingia zizini, naye amebakiza hatua chache tu, mguu ukapasuka: kraa!

"Mguu wangu! Mguu wangu umevunjika!"

Ulikuwa ukelele wa mtu aliyevunjika mfupa. Kila mtu alishtuka, hata ng'ombe wakatawanyika. Na pale kwenye mpasuko mchwa wakamwagika, weupe, chungu nzima, wakitapakaa vumbini. Yudith akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kumbe ulikuwa unawasha kweli!

Aliyemfikia wa kwanza ni Chiwanga. Alitupa fimbo, akapiga magoti, akaushika ule mti kwa viganja viwili. "Umeumia wapi, mdogo wangu? Hapa?"

"Juu kidogo," alisema Matonya, machozi yakimtoka. "Hapo hapo."

Chiwanga akaendelea kupapasa, taratibu, kisha akaiona mikono yake mwenyewe ilipo. Akapauka uso. Mzee Masinga, mkubwa wa wazee wale, akakohoa.

"Chiwanga, mwenzako amevunjika mguu. Umeupapasa mwenyewe. Tangu lini tunamnyang'anya mtu ng'ombe kwa kuvunjika mguu?"

Chiwanga aliinuka akawaswaga ng'ombe waliobaki, akawaingiza zizini kwa mdogo wake.

Halfani akachonga mguu mwingine. Matonya alipokwisha kuuzoea, jioni moja Yudith alikuja na kibuyu bila kuombwa. Mwalimu wa misheni angesema atakayosema. Akamimina mafuta kiganjani, na safari hii akaanza na mti, kutoka gotini kushuka kisiginoni.

Matonya akashtuka, akauvuta mguu.

"Taratibu, Mama Lydia. Mikono yako ina baridi."

Yudith akaipulizia mikono yake mpaka ikapata joto, ndipo akaendelea kumpaka.