Nani Ameiona Lawalawa?

Pale Singida mjini, wengi wanamjua Magdalena kwa video za sendofu za kuwaaga mabibi harusi na za kipaimara. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vitambaa la Mama Riya, Mhindi asiyependa kelele, ambaye humgongea ukuta kila muziki wa maharusi unapozidi. Harusi ndizo zilizomnunulia kamera. Kamera nayo ikamtia tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna bibi harusi aliyemlipa ayaulize.

Filamu yake ya kwanza ilikuwa ya wasichana wa Itigi walioachishwa shule wakauze asali kwenye madirisha ya treni. Watu waliisifu, kwa sababu Itigi ni mbali. Ya pili aliifuata nyumbani kwao, kwa Wanyaturu wenzake, na hapo sifa zikaisha.

Kijijini kwao, mtoto wa kike akitoka vipele chini, au akilia anapokojoa, wakubwa husema ana lawalawa. Na dawa ya lawalawa ni moja tu, kumkeketa. Zamani walikeketwa mabinti wakubwa, kwa ngoma, mchana kweupe. Sheria ilipobana, ngoma ilinyamaza na kisu kikahamia kwa wachanga, wasioweza kumsimulia mtu. Hayo Magdalena aliyajua tangu utoto, kama anavyoyajua kila mtu wa pale, yaani bila kuyasema.

Alipita nyumba kwa nyumba na kamera yake akiuliza swali moja. "Hiyo lawalawa, mama, wewe mwenyewe umeiona?"

"Mimi? Hapana, niliambiwa na mama mkwe."

Akaenda kwa mama mkwe. Naye aliambiwa na jirani. Jirani alikuwa anapepeta uwele, akacheka hadi ungo ukamtikisika. "We Magdalena, ugonjwa unaonwa na wanaoujua. Mimi nitaujulia wapi?"

Mwisho akafika kwa mama yake mzazi. Alimkalisha kwenye kigoda, akaweka kamera juu ya stendi, akauliza kama alivyowauliza wengine. Mama alitazama mikono yake.

"Sikuiona. Niliambiwa."

"Uliambiwa nani anayo?"

"Wewe."

Magdalena hakuzima kamera. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba naye alikeketwa. Alisimama nyuma ya ile stendi akiishika kama mtu anayeshika mlango upepo usiufungue, na mama akasema yote. Alipomaliza akajifuta uso kwa kanga. "Uionyeshe hiyo. Nimeshasema, sirudi nyuma."

Filamu ilikuwa bado haijaonyeshwa popote Peniel alipomtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Peniel ni mke wa mtoto wa baba yake mdogo, ana mtoto wa kike anayenyonya. Alikuwa ananong'ona.

"Wifi, wamesema mtoto ana lawalawa. Jumamosi anapelekwa kwa yule bibi wa kisu. Nimeambiwa nikikataa nirudi kwetu. Mimi kwetu hawapo, wifi, unajua."

Magdalena aliisikiliza tena, kisha akampigia baba yake mdogo huyo, Ignas, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, akaomba ghala la alizeti aonyeshe filamu siku ya Ijumaa. Alijua akimchukua Peniel kimyakimya, Jumamosi nyingine atachukuliwa mtoto mwingine. Alitaka lisemwe mbele ya wote.

Ijumaa alikuta Ignas amesimama mlangoni pa ghala, amevaa koti la vikao.

"Nimesikia humo ndani ya filamu mmelitaja lile neno. Likate. Weka 'ugonjwa wa watoto.'"

"Baba mdogo, mmeshakata vya kutosha. Mimi sikati kitu."

"Unaongea na mimi, au unaongea na maharusi wako?"

"Naongea na wewe. Shikamoo."

Ignas alikunja uso, lakini shikamoo haiachwi hewani. "Marahaba," akasema, na kwa kuwa alikuwa ameshaitikia, Magdalena akampita akaingia na projekta yake.

Madirisha yalizibwa kwa magunia ili kuwe na giza. Wanawake walikaa juu ya magunia ya mashudu ya alizeti, watoto mapajani. Wanaume wachache walisimama nyuma, wamefunga mikono.

"Nani kakulipa uje utuanike?" mmoja akauliza.

"Nyinyi. Kila sendofu mliyonipa, nilibakiza kidogo. Kwa hiyo kaeni, mtazame mali yenu."

Watu wakacheka, filamu ikaanza. Sura ya kwanza ukutani ikasema sijaiona, niliambiwa. Ya pili hivyo hivyo. Alipotokea yule wa ungo, kicheko kikapanda. "Kumbe hata wewe!" mtu akapiga kelele, na mwenye ungo, aliyekuwa amekaa palepale, akajifunika kanga usoni. Kisha ukatokea uso wa mama yake Magdalena, na kicheko kikakatika.

"Wewe," mama akasema ukutani.

Ignas alichomoa waya wa projekta, akauviringisha, akautia mfukoni mwa koti. "Inatosha. Mambo ya ukoo hayachezwi sinema."

Mama yake Magdalena akasimama katikati ya magunia. "Shemeji, umezima mashine. Mimi sizimwi. Niliambiwa mwanangu ana lawalawa, nikampeleka. Nilimshika mwenyewe, kwa mikono hii. Sikuiona hiyo lawalawa siku ile, sijaiona mpaka leo nina mvi. Haya, aliyeiona asimame tumwone."

Hakuna aliyesimama. Mke wa Ignas, mama mkwe wa Peniel, aliongea hapohapo alipokaa. "Mimi mjukuu wangu nimemwona ana vipele."

"Vipele! Nepi moja kutwa nzima kwenye joto hili, hata wewe, dada, ungetoka," mama yake Magdalena akamjibu.

Hapo wanawake walicheka vibaya, hata waliokuja kwa hasira. Peniel akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo.

"Mama, mimi nampeleka zahanati. Sasa hivi."

"Ukitoka mlango huo usirudi kwangu."

Peniel akasita. Ghala zima lilimtazama kama anatembea juu ya kamba.

"Atalala kwangu," mama yake Magdalena akasema. "Na mtoto. Nenda, mwanangu, kabla nesi hajafunga."

Wanawake waliokuwa njiani walivuta miguu yao kumpisha. Mwenye ungo alinyanyuka akamfuata nje, akisema anamsindikiza tu, jua ni kali. Mwingine akafuata. Mke wa Ignas alibaki anatazama mlango, mdomo wazi.

Magdalena akanyoosha mkono. "Baba mdogo, naomba waya wangu. Haijaisha."

"Haipo filamu hapa."

"Hunipi?"

"Sikupi. Utanifanya nini?"

Magdalena akainama, akafungua begi. Mtu aliyepiga video za harusi Singida hatembei na waya mmoja. Akachomeka mwingine mbele ya macho yake, na uso wa mama ukarudi ukutani, mkubwa kuliko mlango.