Majani niliyomupikia Yaya

Leo daktari wa Mbarara aliuliza swali moja, nikaangalia viatu vyangu.

Yaya Neema, dada yangu mukubwa, anakunywa dawa za kifua kikuu, mwezi wa tatu sasa. Nilimusindikiza kutoka Kashojwa, kambini kwetu, kuchukua majibu ya kupima ini, maana dawa zile zinaweza kuliumiza.

Sasa mimi, mutu wa kutembea Bujumbura, Kigali, Kampala, na kujiona najua yote, nilikuwa nimemupikia majani machungu wiki mbili. "Kunywa, Yaya. Yanasafisha ini. Kipimo kitatoka kizuri."

Daktari akasoma karatasi.

"Ini limeumia. Tunasimamisha dawa kwanza. Kuna kitu kingine unakunywa?"

"Hapana, daktari," Yaya akasema. Hakuniangalia hata kidogo.

 

Dawa yake inasimamishwa, kifua bado kinamuuma, na yeye ananifichia aibu yangu.

Nikasema, "Ni mimi. Nilimupa majani." Daktari akasema majani nayo yanaweza kuumiza ini, ayaache.

Njiani Yaya akanigombeza: "Ungenyamaza. Sasa wanakuona mujinga."

Ninyi munaosoma hapa, wenye niliwapa pia majani yale, na munakunywa dawa za kila siku: mumwage majani, dawa musiache. Muandike majina hapa chini. Nitawasindikiza kupima ini, mumoja mumoja.