Rimoti ya bei nafuu na gari la baba mkwe

Nimejifungia chooni kwa baba mkwe, hapa Korogwe. Naandika haya kwenye simu.

Juzi mzee aliniazima gari lake. Lile jeusi la kifahari, ambalo hata wanawe wa kuzaa hawaligusi.

Rimoti yake nikaipoteza Handeni, kwenye mnada wa ng'ombe.

Sikumwambia. Mkwe unamwanzaje?

Kule Dar wauza rimoti walinitajia bei nikakata simu. Nikapata fundi wa huku huku Old Korogwe, akanifuata Handeni, akachomeka kompyuta yake kwenye gari, akanipa rimoti mpya kwa bei ya mbuzi.

Gari likawaka!

Fundi akasema, "Usihofu, kaka. Za zamani zote nimezifuta kwenye gari. Hata aliyeiokota hafungui kitu."

Nikalala usingizi mnono.

Leo nimerudisha gari. Shikamoo, marahaba, chai ikaja. Kwetu mkwe hapewi kitu mkono kwa mkono, kwa hiyo nilikuwa namsubiri mke wangu atoke jikoni ampelekee ile rimoti.

Mzee hakusubiri. Akachukua ya akiba kabatini, akatoka nje.

Hapo ndipo maneno ya fundi yakanirudia. Za zamani. Zote.

Akabonyeza. Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya.

Mimi huyo, chooni.

Sasa hivi namsikia anamwambia mke wangu: "Mwambie mumeo alete ya kwake, tuzilinganishe."

Jamani, yangu haina hata nembo.

Mke wangu anagonga mlango. Nisemeje?