Kadi kwenye Kitasa cha Senga

Kwenye ngazi yetu, ile wanayoitumia wote wa jengo letu la ghorofa, kuna kadi ya zamani iliyotobolewa kona na kutiwa uzi. Imeandikwa: Ni zamu yako kusafisha ngazi. Ukimaliza kupiga deki unaitundika kwenye kitasa cha jirani, naye akimaliza anaipeleka kwa mwingine, hivyo hivyo mwaka mzima. Hakuna anayebisha hodi kukumbusha. Kadi inatosha. Ikikaa mlangoni pako kupita wiki, watu hawasemi kitu. Wanapunguza mwendo tu wakipita hapo, ili ujue wameiona.

Majira ya baridi yale kadi ilikaa kwenye kitasa cha Senga Haldane mpaka uzi ukashika vumbi.

Senga anaishi ghorofa ya kati, chini yetu. Kabla hakujapambazuka alikuwa akipanda kwetu na mjukuu wake Effie, mtoto wa miaka saba, amemviringisha blanketi. Anamwachia mama yangu, kisha anatembea hadi katikati ya Glasgow kusafisha ofisi za watu ambao hajawahi kuwaona. Anavijua viti vyao tu. "Yule wa dirishani anakula biskuti kwa siri," aliwahi kutuambia. "Makombo anayasukumia kwa jirani yake. Siku nitakayomwona nitamjua kwa aibu yake." Akirudi anampeleka Effie shule, na siku nyingine anaunganisha moja kwa moja hadi jikoni kwenye nyumba ya wazee, kumenya viazi.

Kwa kutunziwa mtoto asubuhi, Senga alitulipa kwa kutuoshea madirisha. Mama alimwambia aache. Hakuacha. Hakuna kitu alichopokea mkononi mwa mtu bila kurudisha, na kwa kuwa alikuwa na kidogo cha kurudisha, alijitahidi asipokee.

Effie aliletwa na watu wa ustawi wa jamii. Mama yake, Lorna, binti pekee wa Senga, alikuwa amezidiwa na dawa za kulevya na kwenda Aberdeen na mwanaume ambaye kwa Senga hatajwi. Mwishoni mwa mwezi wa tatu wazee wa baraza la watoto wangekaa kuamua kama Effie aendelee kuishi kwa bibi yake, au apelekwe kwa familia nyingine, huenda mji mwingine kabisa. Bwana Rankine wa ustawi, mtu mpole ambaye viatu vyake havikauki, alilieleza jambo hilo bila kuzunguka. Siku hiyo nilikuwa nimeshuka na vitabu vya Effie, na Senga hakuniambia niondoke.

"Mtoto anapendwa, Bi Haldane. Hilo naliandika kila mara. Lakini chumba chake kina unyevu, kuvu imepanda ukutani, kifua kinambana. Na shule wanasema kuna siku haji kwa sababu sare haijakauka."

"Nitausugua ukuta."

"Umekuwa ukiusugua. Kuvu inarudi."

"Basi na mimi nitarudi."

Bwana Rankine akatazama viatu vyake.

Chanzo cha unyevu tulikijua sote, na hakuna aliyethubutu kukitaja. Mashine ya kufulia ya Senga ilikufa wakati majani yanapukutika. Tangu hapo alifua ndani ya bafu, amepiga magoti, akikamua mashuka kwa mikono ile ile iliyotoka kukamua matambara ya ofisini. Kisha alitundika kila kitu kwenye fito za kuanikia zilizo juu ya jiko, akazivuta kwa kamba hadi darini, na nguo zikadondosha maji siku kadhaa. Nje mvua. Madirisha yamefungwa ili joto dogo lililopo lisikimbie. Maji yalikuwa yanahama kutoka kwenye mashuka kwenda kwenye ukuta wa Effie. Kadiri Senga alivyofua ili mtoto aonekane safi, ndivyo chumba kilivyozidi kuoza.

Na tiba ya unyevu huo ilikuwa hapo hapo mtaani. Nyuma ya ukumbi wa kanisa la zamani kuna chumba cha kufulia, kilichoanzishwa na watu wa mtaa wenyewe baada ya kuisumbua halmashauri miaka mingi. Kina mashine kubwa za kufulia, mashine za kukaushia, sufuria ya supu ya dengu, na meza ambapo kila Ijumaa anakaa mwanamke wa kuwasaidia watu kuwaandikia wenye nyumba juu ya paa na mifereji inayovuja. Hulipi. Anayefua anashika zamu: kufagia, kukunja, kukoroga supu. Msimamizi ni Mena Docherty, mjane wa mlango wa chini kabisa kwenye ngazi yetu, mwanamke mwenye sauti ya kupigia mbiu. Mimi nilikuwa nikisaidia Alhamisi kukunja mashuka, kazi inayonifaa, maana shuka halikuulizi kitu.

"Mwambie yule jirani yako alete nguo," Bi Docherty aliniambia.

"Ni jirani yako pia. Mwambie wewe."

"Mimi nikimwambia atanimwagia ndoo. Wewe una sura ya kuonewa huruma. Nenda."

Nikaenda. Nikasimama mbele ya kile kitasa chenye kadi na kusema niliyotumwa, nadhani kwa sauti ndogo mno, kwa sababu Senga alinifanya nirudie.

"Nibebe furushi la uchafu wangu barabarani, mchana kweupe, mtaa mzima uhesabu chupi zangu?"

"Wengi wanakwenda."

"Wanakwenda wenye shida, mwanangu. Mimi nina nguo mbichi tu."

Akafunga mlango taratibu. Nyuma yake nilimsikia Effie akikohoa.

Mwanzoni mwa Februari Bwana Rankine alituma habari kwamba angekuja Jumatatu, ukaguzi wa mwisho kabla ya baraza. Jumapili, Bi Docherty akirudi misa, akapanda kuleta gazeti kwa mama yangu na kuiona ghorofa ya kati ilivyo: matope, majani yaliyokanyagwa, alama za viatu vya wiki tatu. Senga alikuwa amekwenda dukani na Effie. Basi Bi Docherty akateremka, akavua koti la kanisani, akarudi na ndoo. Alipiga deki ngazi zote za Senga. Alichora hata mistari ya chaki nyeupe pembezoni, kama walivyofanya bibi zetu. Mwishoni akaiondoa kadi kwenye kitasa cha Senga na kuitundika kwetu.

Kwetu sisi, kumsafishia mtu zamu yake bila kuombwa si msaada. Ni kumtangaza. Ni sawa na kusimama barabarani na kusema fulani ameshindwa. Bi Docherty alizaliwa kwenye ngazi ya namna hii na hilo alilijua kuliko sisi wote, lakini hofu ya Jumatatu ilimsahaulisha.

Nilisikia nyayo za Senga zikipanda, zikasimama. Kisha zikaja hadi mlangoni petu, na kadi ikaondolewa kwenye kitasa. Kisha nikasikia maji yakimiminwa ndooni.

Nilipofungua mlango, Senga alikuwa amepiga magoti na koti lake mwilini, akisugua ngazi zilizokwisha suguliwa, akifuta chaki. Mfuko wa viazi ulikuwa umeachwa ukutani. Effie alikaa ngazi ya juu yake, kofia kichwani, akinyanyua miguu kila maji yanapomkaribia.

Bi Docherty akatokea chini. "Senga, we! Unafuta nini? Si nimeshapiga deki?"

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita. Nilitaka yule bwana kesho asikanyage matope."

"Ili akute nini? Akute Mena Docherty ndiye anayenilelea mjukuu? Mngojee basi mlangoni umwoshe na miguu. Ukimaliza mpe chai."

"Mdomo huo! Mama yako angekuwa hai..."

"Mama yangu hakuwahi kusafishiwa zamu. Hata wiki aliyonizaa."

"Alisafishiwa."

Senga akaacha kusugua.

"Wiki aliyokuzaa ndiyo alisafishiwa," alisema Bi Docherty, sasa bila kelele. "Aliyemsafishia ni mama yangu. Ndoo nilibeba mimi, nikiwa kimo cha huyo mtoto hapo. Na mama yako alipopata nguvu alikuja kutufulia mashuka mwezi mzima, maana hakutaka kudaiwa. Hukuambiwa tu. Ulikuwa unanyonya."

Mpaka leo sijui kama ni kweli. Bi Docherty nimemsikia akimdanganya kasisi.

Senga alikaa juu ya visigino vyake, tambara linachuruzika mkononi. Alionekana mzee kuliko mama yangu, na mama yangu anamzidi miaka kumi.

"Kwa hiyo unanidai," alisema.

"Sana! Nimepiga magoti kwa gauni la misa, na magoti yenyewe si mali yangu, ni ya bandia aliyonitia daktari. Nataka zamu yangu. Alhamisi pale kufulia sina mtu wa mashine za kukaushia, Jessie kavunjika mkono. Uje ulipe."

"Saa ngapi?"

"Ukishamwacha mtoto shule. Na usije mikono mitupu, mashine zikizunguka tupu zinaharibika. Lete chochote."

Hilo la mashine lilikuwa uongo. Senga akamalizia ngazi, akaitundika kadi kwetu kwa mkono wake mwenyewe, akaokota viazi na kuingia ndani na Effie.

Jumatatu Bwana Rankine alipanda na kushuka. Hakutazama ngazi hata mara moja. Aliweka kiganja ukutani kwa Effie, akakiangalia, akakifuta kwa leso.

Alhamisi Senga akaja na mfuko wa dukani, juu umejazwa viazi, kama mtu anayetoka kununua mboga. Chini ya viazi kulikuwa na sare ya Effie na shuka moja. Jessie, mkono umefungwa shingoni, alisogea kumpa nafasi. Kabla ya supu kuiva Senga alikuwa tayari anawagombeza watu.

"We baba, unaijaza mashine kama gunia la mkaa, hewa ipite wapi? Toa nusu. Toa, nimekwambia."

"Huyu mmemtoa wapi?" yule mzee akauliza.

"Analipa deni," akajibu Bi Docherty. "Mwache alipe."

Sare ilipotoka, Senga aliishika ikiwa na joto, akaiinamishia uso. Akakaa hivyo muda. Nilidhani analia na nikageukia mashuka yangu nisimwone. Bi Docherty akamsogelea, akamtazama kwa karibu, akaweka kidole mdomoni. Alikuwa amelala, amesimama, ameegemea mashine.

Jessie alipopona, zamu ya Senga haikuisha, kwa sababu kila Alhamisi alikuwa amefua kitu, na kila alichofua kilimdai zamu nyingine. Viazi vilipungua mfukoni. Halafu akaja na furushi lililofungwa kwa shuka, begani, mchana kweupe. Nyumbani fito za darini zilishushwa zikiwa kavu. Ijumaa moja alikaa kwa yule mwanamke wa barua, akiwa amekunja uso, na baada ya barua ya pili mafundi wakaja kuziba mfereji uliokuwa ukimwaga maji nyuma ya ukuta ule ule. Kuvu haikutoweka. Iliacha tu kupanda. Effie bado alikohoa, lakini kulikuwa na asubuhi alizolala kwetu hadi wakati wa uji bila kukohoa, na mama yangu alikuwa akimsogelea kusikiliza kama anapumua.

Siku ya baraza Senga alivaa koti la msibani, hakuwa na jingine zuri. Bi Docherty akafuatana naye bila kuombwa, na safari hii hakufukuzwa. Mimi na mama tulibaki. Kadi ilikuwa imezunguka milango yote na kurudi kwake. Ilining'inia pale kwenye kitasa, na kila niliposhuka kutazama barabarani niliipita.

Walirudi alasiri. Sikuisikia sauti ya Bi Docherty. Nikashuka hadi ghorofa ya kati. Effie alikuwa anapanda mbele, anaruka ngazi kwa miguu miwili.

"Nabaki," aliniambia, kama anayenipa habari za hali ya hewa. "Mpaka mwakani. Mwakani wanatazama tena."

Nyuma yake Senga alipanda ameshika ukuta. Alipofika mlangoni pake hakutoa ufunguo. Alikaa kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja.

"Mwaka," alisema. "Mwaka mmoja, halafu wanaanza tena kupapasa kuta."

"Mwaka ni mwaka," akasema Bi Docherty kutoka chini, akihema. "Mimi daktari hunipa mwezi mwezi."

"Nilidhani nitafurahi, Mena."

"Utafurahi kesho. Leo lala."

Senga aliingia ndani kiatu mkononi. Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi: alifika kwenye kiti cha jikoni, akakaa na koti lake la msibani, na kichwa kikaanguka kifuani. Effie akamtazama. Akarudi mlangoni, akasimama kwa ncha za vidole, akaitoa kadi kwenye kitasa. Akapanda nayo hadi kwetu, akaitundika.

"Bibi amesema?" nikamuuliza.

"Amelala. Lakini angesema."

Sikuwa na hakika. Niliogopa, kusema kweli, nikikumbuka Jumapili ile. Lakini nilichukua ndoo, nikapiga deki ngazi za Senga polepole ili nisimwamshe. Effie aliniletea chaki, nikachora mistari iliyopinda.

Alfajiri hodi ikapigwa. Senga alimkabidhi mama yangu Effie na blanketi lake, kisha akageuka na kuzitazama ngazi zinazoshuka. Nilisimama nyuma ya mama, nikingoja.

"Umeacha sabuni kwenye kona," aliniambia.

"Samahani, Bi Haldane."

"Wiki ijayo nitapiga yenu."

Akashuka kwenda kazini, mkono ukutani, akiweka mguu katikati ya kila ngazi ili asiikanyage chaki.