Siku Mama Alipoitikia Ukumbini Gitega

Mama alisema haendi. Ana maharage ya kupura, ana mguu unaouma, na isitoshe yule mwanamuziki marehemu alikuwa bosi wake tu, si mtume hata afuatwe mpaka Gitega. Nikamwambia sawa, baki. Asubuhi nikamkuta mlangoni amevaa kitenge kipya, amejipaka mafuta, ananiuliza mbona nachelewa. Huyo ndiye mama yangu.

Enzi za kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujarudi kwetu Gasorwe, Burundi, marehemu huyo alikuwa na bendi, na mama alikuwa mwitikiaji wake. Yeye anaimba mstari, mama anajibu. Miaka sita! Sasa maisha ya marehemu yametungiwa mchezo wa jukwaani, nyimbo na dansi mwanzo mwisho, na mama alitaka kujua jambo moja tu, ingawa hakulitamka: je, na yeye wamemweka?

Jamani, mchezo ule! Pazia lilipofunguka na gitaa likalia, mwili mzima ulinisisimka. Kijana aliyemwigiza marehemu alitembea vilevile, bega moja chini, na mama akanipiga kiwiko. "Muone, muone! Ni yeye mtupu!" Tukaona kambi, foleni ya mahindi, gitaa la kwanza lililotengenezwa kwa debe. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Wapiga gitaa wakatokea, mpiga ngoma akatokea, hata mpishi wa bendi akatokea, watu wakacheka hadi basi. Mwitikiaji, hamna. Nikamtazama mama kwa pembeni. Alikuwa ameacha kucheka.

Kisha ukaja wimbo ule uliokuwa ukipigwa kila harusi kambini. Taa zikapungua, vyombo vikanyamaza, kijana akasogea mbele peke yake. "Mpenzi, unanisikia?" Akasubiri. Ukumbi mzima kimya.

Sasa, bendi ile ilikuwa na sheria yake: mwimbaji akiita, haachwi bila jibu. Anayejua mstari ajibu, hata kama yuko jikoni na tonge mdomoni. Mama alidhani msichana aliyepewa nafasi yake amesahau zamu huko nyuma ya pazia. Kabla sijamshika kitenge, alikuwa ameshasimama.

"Nakusikia, baba, endelea!"

Mungu wangu. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Watu wakageuka wote, nami nikatamani kuingia chini ya benchi. Kijana jukwaani akakodoa macho, halafu akarudia: "Mpenzi, unanisikia?" Mama akajibu tena, juu zaidi, mkono kiunoni. Mpiga ngoma akashindwa kujizuia, akaingia. Gitaa nalo likaingia. Ukumbi ukalipuka! Nililia huku nacheka, na sioni haya kusema.

Mchezo ulipoisha, mwongozaji, mama mmoja Mkongomani wa Kivu, akatujia mbio. Nikaanza kuomba radhi, wala hakunisikiliza.

"Mama, ile fasi ya kujibu tuliiachaka kimya makusudi," akamwambia mama yangu. "Ni heshima ya ule mama mwenye alikuwa anaitikia. Tulimutafuta sana. Batu walituambia alikufaka."

Kumbe hawakuwa wamemsahau. Mama alimkazia macho tu.

"Nani kaniua?" akauliza. "Mimi niko Gasorwe, napura maharage."

Mwongozaji akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, anacheka, hajui aanzie wapi. Kesho yake walikuwa wanacheza Muyinga mjini, jirani na kwetu kabisa. Akamwomba mama aje asimame jukwaani, mahali pake. Mama hakujivunga hata kidogo.

"Nitakuja," alisema. "Ila huyo kijana aanze kwa sauti ya chini kidogo. Marehemu alikuwa anajua pumzi yangu inaishia wapi."