Amplifaya ya Shemeji Yangu

Kila linapotoka toleo jipya la zile programu za kuiga amplifaya za gitaa, ambazo mafundi wa kurekodi huziita plagini, mimi husoma kwanza waliyoyaandika watengenezaji kabla ya kusikiliza sauti. Wanasema sasa mkwaruzo umekuwa mzito zaidi, valvu zinapata moto kama valvu za kweli, masanduku ya spika yameongezwa. Sisemi ni uongo. Kazi hii ya kurekodi nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa na kwa kukosea, na najua wanachokifanya si kitu chepesi. Lakini mezani kwangu hapa Magoudjou, mtaa wa Moroni, ipo kompyuta moja kuukuu ambayo siiunganishi na mtandao wala siiwekei toleo jipya lolote. Ndani yake imo amplifaya ya shemeji yangu wa Mutsamudu. Niliwahi kuifungua kwa toleo lililofuata, ikatoka safi, kama mzee aliyevishwa meno ya bandia. Nikaifunga upesi.

Huyo shemeji ni kaka wa mke wangu. Nimemwonea wivu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na siwezi kusema kwamba umekwisha.

Kazi yake ni kupakua mizigo bandarini. Gitaa hulipiga akipenda. Asipopenda, hata umbembeleze vipi, hapigi. Amplifaya yake aliiunda ndani ya kasha la redio ya valvu aliyoiacha marehemu baba yao. Koni ya spika ilitafunwa na panya, naye akaiziba kwa gundi na kipande cha shiromani, ile nguo nyekundu wanayojitanda wanawake wa kwao, kisiwa cha Ndzuani. Kwa kanuni zote ninazozijua, chombo kile kilistahili kutupwa. Akigusa nyuzi nyembamba, sauti ilikuwa kama ya mtu anayeimba huku amezuia kilio. Akigusa nyuzi nene, kile kiraka kilitetema na kutia neno lake.

Mimi nililetwa Moroni nikiwa mtoto, pamoja na wenzetu waliofukuzwa Majunga, Madagaska, mwaka wa sabini na saba, na gitaa nilijifunza kwa mpango: kwanza vidole, kisha mizani, kisha nadharia. Riziki yangu ni kutengeneza majokofu, na alasiri hurekodi nyimbo za harusi za watu. Kiswahili hiki nilikiokota Dar es Salaam nilipokuwa nikifuata vipuri. Nyumbani mimi na mke wangu tunazungumza kila mmoja kwa lugha ya kisiwa alichokulia, na tunaelewana vya kutosha. Gitaa langu halikosei. Mke wangu hulisikia akiwa jikoni, na jikoni hubaki. Ila tulikuwa na kaseti moja ya kaka yake, iliyorekodiwa sebuleni kwa mama yao, katika nyumba ya mawe ndani ya mji wa kale wa Mutsamudu. Ikichezwa hiyo, mke wangu aliacha alichokishika akaja kusimama mlangoni, mikono ingali na unga.

"Mbona mimi nikipiga huji?" nilimwuliza siku moja.

"Wewe ukipiga, najua kila kitu kiko sawa," alisema. "Naendelea na mchuzi wangu."

Binti yetu alichumbiwa wakati Ndzuani ilipojitenga na serikali ya Moroni kwa mara ya pili. Meli za Mutsamudu ziliacha kuja, ndege zikaacha kwenda, na simu, ambayo mwanzoni ilikuwa ya kubahatisha, ikanyamaza kabisa. Walikuwapo waliovuka kwa boti ndogo. Mtu wa Ndzuani aliyeingia Moroni kwa njia hiyo hakutangazwa. Jamaa zake walimweka chumba cha ndani, wakafunga midomo, na jirani mwema hakuuliza kwa nini nyumba ile imeanza kununua mikate mingi.

Sasa, katika ukoo wa mke wangu iko desturi. Siku ya sherehe ya wanawake, ile ya alasiri tunayoiita ukumbi, msichana hatoki chumbani kwenda kuketi mbele ya watu mpaka mjomba wake ampigie wimbo wa kumtoa. Wajomba wa zamani walipiga gambusi. Shemeji ndiye aliyeleta gitaa la umeme. Baba hana sehemu katika jambo hilo. Kazi ya baba ni kuhakikisha viti vinatosha.

Niliposikia kwamba bandari ya Mutsamudu imefungwa, wazo langu la kwanza halikuwa wakwe zangu watakula nini. Nilijiambia: basi, mwanangu atatoka kwa gitaa langu.

Binti naye alikuwa na wazo lake.

"Baba, mjomba asipokuja mimi sitoki."

"Utakaa chumbani mpaka lini?"

"Mpaka waifungue Mutsamudu."

"Usimchokoze baba yako," mama yake alidakia, "atakwenda kuifungua mwenyewe kwa bisibisi."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. "Kwani mimi si mpiga gitaa?"

Binti alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. "Mpiga gitaa ndiwe, baba. Mjomba siwe."

Nilijua si mzaha. Mkaidi yule amemfuata mama yake. Wageni wangekaa uani, wakwe wapya wangetazamana, mlango wa chumba ungebaki umefungwa, na aibu hiyo ingetajwa Magoudjou hata baada ya mimi kuzikwa.

Siku hizo akaja binamu yangu anayeishi Marseille, akaniletea diski yenye toleo jipya la programu. Toleo nililokuwa nalo lilikuwa na amplifaya za watu wengine tu, zilizopimwa katika studio za huko kwao. Hili jipya lilikuwa na mlango ambao lile la zamani halikuwa nao. Uliweza kulilisha mlio mmoja mfupi uliopita katika spika yoyote, mlio mkavu kama kofi, nalo likasoma humo tabia ya spika ile na ya chumba ilimokaa, kisha likaivisha tabia hiyo chochote ulichopiga.

Mlio huo nilikuwa nao. Mwanzo wa ile kaseti, kabla ya wimbo, shemeji anachomeka waya wa gitaa na amplifaya imeshawashwa. Ni kosa ambalo nimemkemea mara nyingi, maana linaua spika. Tak! Na nyuma ya tak hiyo, ukisikiliza kwa makini, unazisikia kuta za mawe zikiitikia.

Nikaikata. Nikaiondolea mvumo wa kanda polepole, bila kugusa mtetemo wa kiraka. Mkwaruzo wa valvu niliutafuta kwa kujaribu: nikazidisha, nikapunguza, nikazidisha kidogo. Umeme ulikatika karibu kila alasiri, na ukirudi nilianza upya. Asidhani mtu kwamba nilifanya hayo kwa mapenzi. Nilitaka kukishika kile alichokuwa nacho, nikifungue kama ninavyofungua mashine ya jokofu, nione kwamba ndani hamna kitu.

Siku sauti ilipokaa sawa nilipiga ule wimbo wake wa kumtolea msichana. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Kisha nikamwona mke wangu mlangoni.

"Nani kafungua sebule ya mama?" aliuliza.

Niliendelea mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane alikuwa amekuja kwa ajili ya vidole vyangu. Nilingoja aseme nimepiga vizuri.

"Kaka yangu anasikika kama amekonda," alisema, akarudi jikoni akifuta macho.

Siku ya ukumbi niliweka spika uani, nami nikajifungia na kompyuta katika stoo inayotazama ua, nyuma ya pazia, kwa kuwa mkusanyiko ni wa wanawake. Binti alikuwa chumba cha mkabala, mlango umefungwa. Mama yake aliingia akamnong'oneza jambo, sijui lipi. Akatoka, akanipungia mkono nianze. Nilichomeka waya spika zikiwa wazi, makusudi, kosa ambalo sijapata kulifanya mahali pengine popote.

Tak.

Vichwa vikageuka ua mzima. Mbele kabisa alikaa mama mdogo wa mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mirontsy, jirani na Mutsamudu, ambaye sote tunamwita Koko, yaani bibi. Nilipopiga nyuzi za kwanza aliruka kitini.

"Mtoto kaja!"

"Nani kaja, Koko?" aliuliza mwanamke wa upande wa bwana harusi.

"Nani kaja?" Koko aliketi, akajitengeneza shiromani yake. "Nani kasema kaja? Hakuna aliyekuja. Pigeni vigelegele, mimi sijasema kitu."

Lakini neno lilikuwa limeshapita. Kwa upenyo wa pazia niliwaona wanawake wa Ndzuani wakigusana magoti, wakitupa jicho upande wa stoo na kulirudisha upesi. Waliamini amevuka kwa boti, tumemficha. Na kwa kuwa waliamini hivyo, walipiga vigelegele vya kufunika siri, vikubwa kuliko vya harusi yoyote niliyowahi kurekodi. Mlango wa mkabala ukafunguka. Binti yangu akatoka, shingo imenyooka, macho ameyaelekeza kwenye pazia langu, machozi yakimchuruzika juu ya msindano, ile liwa ya usoni. Alitoka kwa vidole vyangu, na kila chozi lilikuwa la mjomba wake.

Wimbo ulipokwisha, mkono wa Koko ulipenya chini ya pazia ukisukuma sahani: wali, mbavu za ng'ombe, na bakuli la maziwa mgando.

"Kula, mwanangu," alinong'ona. "Najua huko hamna kitu siku hizi. Usinijibu. Nikiulizwa, nisije nikalazimika kusema uongo siku ya leo."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia. Kulivuta tu, basi, wote wangeona ni nani aliyepiga. Nilimtazama binti pale kwenye kiti chake. Alikuwa anacheka na shoga zake sasa, amekaa kama mtu aliyekamilishiwa kila kitu. Nikaliachia pazia. Ila sikuweza kukaa hivi hivi. Nilizima ile amplifaya, sauti ikawa nyeupe, nikapiga kipande changu mwenyewe, cha mtindo wa Majunga, kile ninachokipiga vizuri kuliko vyote. Nilikipiga bila kosa hata moja.

"Kachoka, maskini," nilimsikia Koko akiwaeleza wenzake. "Safari ya boti hiyo. Gitaa kampa shemeji yake."

"Huyu naye si mbaya," alisema jirani yake.

"Si mbaya. Huyu mzuri wa kulia wali. Tuleni."

Wakala.

Wageni walipoanza kuondoka, pazia lilifunguliwa. Alikuwa binti, amekuja kumbusu mjomba mkono kama inavyotakiwa. Alitazama nyuma ya magunia ya mchele. Akatazama jokofu la mteja lililosimama pembeni, kana kwamba mtu angeweza kuwamo. Kisha akanitazama mimi na gitaa mapajani.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka," nilisema.

"Hakula?"

"Alikuwa na haraka."

Akapiga magoti na kimori chake chote, yale mapambo ya dhahabu ya bibi harusi, akaushika mkono wangu wa kushoto, ule wenye sugu za nyuzi, akaubusu. Kisha akaivuta sahani katikati yetu, akachagua ubavu wenye nyama zaidi, akanipa. "Haya, tule sisi." Nini alichokijua sijamwuliza, wala yeye hajasema.

Miezi ikapita, majeshi ya serikali yakashuka Ndzuani kumaliza ule utengano, simu zikarudi. Mmoja wa watu wa kwanza kutupigia alikuwa shemeji.

"Shemeji, naambiwa nilikuja harusini."

"Ulikuja."

"Nilipigaje?"

"Vizuri. Ulichelewa kidogo mwishoni."

"Hapo ni wewe," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha sauti yake ikashuka. Wakati wa vikwazo, umeme ulipokosekana, alikuwa ameiunganisha amplifaya na jenereta ya mtu huko Patsy. Jenereta ikaruka, transfoma ikaungua, moto ukala kasha na koni na kile kiraka. "Haipo tena, shemeji. Wanasema wewe unayo."

Ndege ziliporudi alikuja. Alikuwa amekonda kweli. Aliingia na gitaa mgongoni, akala, akasali, kisha akaketi kwenye kiti changu mbele ya kompyuta bila kuuliza. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu: mkwaruzo uko wapi, chumba kiko wapi, na kwamba azime spika kwanza kabla ya kuchomeka waya.

Tak.

"Shemeji, nimekwambia uzime."

"Ndiyo, ndiyo," alisema, amekwisha kuinamisha kichwa.

Kompyuta ilikuwa yangu na spika zangu. Kila kipimo kilichomo nilikipima mimi, na wimbo wenyewe nilikuwa naujua sasa kuliko yeye. Akagusa nyuzi nyembamba. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, sikugeuka. Nilisikiliza jikoni, mwiko ukikoroga mchuzi, ukikoroga, na nikaomba uendelee. Sufuria ikawekwa chini.