Firigisi ya Watu Wanne

Harufu ya supu ya kuku wa kienyeji iliyotiwa dania nyingi hunifanya ninyooshe mgongo. Sijui kama nanyi mna harufu ya namna hiyo, inayowaamrisha kabla hamjaamua lolote. Juzi niliingia na wanangu katika hoteli moja hapa Kitale, mhudumu akapita na bakuli linalofuka mvuke, nikajikuta nimeondoa viwiko mezani na kukunja mikono mapajani. Mwanangu mdogo aliniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa Bungoma, nina miaka tisa.

Kila likizo ya Agosti, Mama alitupeleka Bungoma, mimi na mdogo wangu Nekesa, kula chakula cha mchana na Baba. Baba alikuwa afisa wa mifugo huko. Sisi tuliishi nje kidogo ya Kitale, kwa Shosho, mamake Mama. Tuliambiwa Baba yuko kazini mbali, nami niliamini, ingawa wenzangu shuleni ambao baba zao walifanya kazi mbali waliwaona nyumbani kila Krismasi. Sisi wetu tulimwona Agosti, hotelini, ng'ambo ya meza. Wengine walienda likizo Mombasa wakarudi na makombe ya baharini. Likizo yetu ilikuwa mlo mmoja.

Mlo huo tuliufanyia mazoezi kama wanakwaya. Mama aliazima uma na visu kwa mwalimu jirani, akatandika leso juu ya meza ya Shosho, akatuchemshia viazi ili tujifunze kukata bila kisu kupiga kelele kwenye sahani. Usiongee na chakula mdomoni. Usichungulie sahani ya mwenzako. Usiitishe soda ya pili. Usimsumbue Baba na maswali. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema, huku akinipanga vidole upya kwenye uma. Shosho, ambaye alikula kwa mkono maisha yake yote na hakuwahi kupungukiwa na kitu, alikaa karibu na moto akicheka kiazi cha Nekesa kilipochomoka na kumwangukia paka.

Siku ya safari, gari liliposimama Misikhu kushusha watu, Mama alilowesha kitambaa kwa ulimi akatufuta nyuso tena. "Leo, tafadhalini," alisema. Kisha akatoa kioo kidogo, akapaka rangi ya mdomo, akaifuta, akapaka tena.

Baba alikuwa ameshika meza ya dirishani. Alisimama alipotuona. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikono ikasimama kama mbao. Aliniita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu, kwa kuwa mimi Nasimiyu nilipewa jina la mamake, na kila alipoliita jina hilo nilijihisi mrefu.

Mhudumu alikuja na beseni na jagi la maji moto kutunawisha. Nekesa alimtazama kwa heshima zote akasema kwa sauti, "Asante kwa chakula." Baba alicheka hadi akakohoa. Mama hakucheka. Alimfinya Nekesa paja chini ya meza.

Kisha ikaja supu iliyojaa dania, na kuku kwenye sinia, na juu ya vipande vyote ilikaa firigisi. Kwa watu wa upande wa Baba, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, wala mke. Mama hakuzaliwa katika mila hiyo, lakini aliishika kuliko waliozaliwa nayo. Aligeuza sinia polepole mpaka firigisi ikamwelekea Baba.

Baba aliitazama kwa muda. Halafu akachukua kisu, akaikata vipande vinne.

"Hiyo ni yako, Baba Nasimiyu," Mama akasema.

"Najua."

"Basi si ukule?"

"Leo tutakula sisi wote."

Akaweka kipande kwenye sahani yangu, kimoja kwa Nekesa, kimoja kwa Mama, na cha mwisho akakiweka kwake. Nekesa alimeza chake bila kutafuna. "Iko tamu! Kuna ingine?" Nilimpiga teke. Mimi nilitafuna taratibu, mdomo umefungwa, na furaha ikanipanda hadi masikioni. Niliamini adabu yetu imeshinda. Baba anayemega firigisi na watu wake ni baba anayerudi nyumbani, ndivyo nilivyohesabu. Nikamgeukia Mama tufurahi pamoja. Kipande chake kilikuwa palepale. Alikuwa akiangalia nje dirishani.

"Kula, bana," Baba akamwambia chini kwa chini.

"Nimeshiba," Mama akajibu, na alikuwa hajaonja kitu.

Hapo ndipo Nekesa aliposema, "Baba, si turudi na wewe? Kwa Shosho kuna nafasi. Mimi nitalala chini."

Nilisubiri Mama amfinye. Hakumfinya. Alimtazama Baba, kama mtu aliyeuliza swali lile yeye mwenyewe. Baba alipangusa kidole kimoja kimoja, akamwita mhudumu. "Letea hawa watoto soda ingine." Soda zikaja. Tukanywa.

Nje ya mlango Baba alifungua mikono yake yote miwili. Nekesa alimrukia. Mimi nilipiga goti kidogo, nikampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama nilivyofunzwa. Aliutazama ule mkono wangu, kisha akaushika kwa mikono yake miwili.

"Umelelewa vizuri, Mayi."

Nilijivunia maneno hayo hadi Kitale.

Agosti iliyofuata hatukwenda, wala iliyofuata hiyo. Watu wengine ndio waliotuambia kwamba Baba ameoa. Nilimwona tena mara chache, daima katikati ya umati, kwenye harusi na matanga, na sasa ni marehemu.

Mwaka jana, tukipukuchua mahindi, nilimuuliza Mama kama siku ile alijua.

"Nilijua alipokata firigisi," alisema. "Mwanaume hagawi kiti chake kama bado anakitaka."

"Na ile adabu yote, Mama? Uma, visu, viazi?"

Alipukuchua hindi zima kabla ya kunijibu. "Nilidhani akiwaona mmekaa vile, atashindwa kuwaacha."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikisimulia kwamba Nekesa ndiye aliyetuharibia meza. Kumbe sote tulikuwa tumebeba ombi moja kutoka Kitale, na mtoto wa miaka mitano peke yake ndiye aliyelitamka. Sisi wengine tulikuwa na adabu.